Kwa Aliyeacha Chuo Bila Kuaga

Jioni ya leo nataka kuzungumza na mtu mmoja, ingawa najua mnaonisikiliza ni wengi. Ulijiandikisha chuoni mwaka juzi, ukalipa karo ya muhula wa kwanza, mama yako akakupiga picha penye lango umeshika barua ya kukubaliwa. Hukufukuzwa, wala hukuandika barua ya kuacha. Ulikosa wiki moja, ukakosa ya pili, mtihani ukapita, kisha ukaona haya kurudi. Siku hizi ukimwona mwenzako wa darasani stejini unavuka barabara. Nyumbani bado wanajua unasoma.

Nazungumza na wewe, na pia na yule ambaye bado yumo darasani lakini ameanza kukosakosa.

Hapa Mlolongo watu wa namna hii ni wengi, na ukitazama mji wenyewe utaona sababu. Tumekaa katikati ya kazi. Mizani ya malori iko hapa, magodauni yamejipanga kandokando ya Mombasa Road, uwanja wa ndege hauko mbali, viwanda vya saruji viko Athi River, na hapo mbele kuna EPZ, mpango wa viwanda vya kuuza bidhaa nje ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1990. Vyuo navyo viko. Daystar iko Athi River, Chuo Kikuu cha Machakos kiko upande wa pili wa kaunti, na Nairobi yenyewe ni safari ya matatu moja. Basi kijana anakuja Mlolongo kwa hesabu inayoeleweka kabisa: nitafanya kibarua mchana, nisome jioni, karo nijilipie mwenyewe. Ni hesabu ya mtu mwenye bidii. Kasoro yake ni kwamba ndani yake pesa zimehesabiwa vizuri na saa hazikuhesabiwa.

Zihesabu nawe. Zamu ya godauni ni saa kumi na mbili, asubuhi hadi jioni. Ongeza foleni ya matatu. Ile barabara ya Expressway ya kilomita 27 inaanzia hapa kwetu na kufika Westlands, lakini mfanyakazi wa kawaida anapita chini yake, kwenye msongamano. Ukifika nyumbani kuna maji ya kuteka, kuna chakula cha kupika, kuna simu ya mdogo wako wa kidato cha pili anayeuliza pesa za masomo ya ziada. Unafungua daftari saa nne usiku. Saa nne na robo shavu liko juu ya daftari.

Halafu Jumamosi unakwenda kwenye kongamano la vijana, unamsikiliza mtu mwenye kipaza sauti akikuambia uamini kwamba utaweza. Nina heshima kwa wanaofanya kazi hiyo, na wapo waliowainua watu. Lakini kijana huyu alishaamini. Asingeamini, angetoa karo? Ukimwambia mtu aliyechoka kwamba hakuamini vya kutosha, unamwongezea mzigo wa pili, na anarudi nyumbani akijiona mtu dhaifu.

Nikupe kisa kimoja. Mwezi wa Desemba mwaka 1949, mwanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand kule Johannesburg alimwandikia barua mkuu wa kitivo chake. Alikuwa ameanguka mtihani wa mwaka wa mwisho mara tatu, na sasa alikuwa anaomba akubaliwe kufanya mitihani ya marudio. Alieleza kwamba anasoma huku anafanya kazi. Alieleza kwamba anaishi Orlando, mtaa wenye kelele, hakuna stima, na anasomea taa ya mafuta au pengine mshumaa. Safari ya kwenda mjini na kurudi inamla wakati. Anafika nyumbani saa mbili usiku imepita, amechoka, ana njaa, na akili haishiki kitu. Chuo kilikataa. Mwanafunzi huyo alikuwa Nelson Mandela.

Fikiria hilo kidogo. Huyu ni mtu ambaye baadaye serikali nzima, pamoja na askari wake na magereza yake, ilishindwa kumvunja. Yupo atakayesema alikosa moyo? Moyo alikuwa nao. Alichokosa mwaka ule ni usiku wenye mwanga na mwili usio na njaa. Barua yake naiona kuwa ya thamani kwa sababu hajisingizii uvivu wala hatoi visingizio vikubwa. Anataja vitu vinavyoweza kupimwa: kelele, mafuta ya taa, saa ya kufika nyumbani. Anajua adui yake ana sura gani.

Na hakuishia pale. Alipita kwenye mtihani wa kufuzu uwakili, njia isiyohitaji ile digrii, na mwaka 1952 akafungua ofisi ya mawakili pamoja na Oliver Tambo. Digrii yenyewe aliifuata kwa posta akiwa gerezani, na hata huko aliwahi kunyang'anywa ruhusa ya kusoma kwa miaka minne baada ya kugunduliwa kwamba alikuwa akiandika kumbukumbu zake kwa siri. Aliipata mwaka 1989, kutoka Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, Unisa. Alikuwa na miaka 70. Darasa la sheria alikuwa ameliingia mwaka 1943.

Sisemi usubiri hadi miaka 70. Nasema hivi: ukianguka, kabla hujajiita mjinga au mvivu, kaa chini uandike barua kama ile, ijapokuwa hutaituma popote. Andika unafika nyumbani saa ngapi. Andika nani anawasha redio chumba cha pili. Andika bando inaisha siku gani ya mwezi. Ukimaliza utaona kwamba mengi uliyoyaita udhaifu wa moyo ni mambo yenye jina, na baadhi yake, si yote, yanaweza kuondolewa.

Lakini hata ukishayaondoa, nia peke yake haitoshi, na wako wataalamu waliolichunguza jambo hilo kwa wanafunzi. Mwaka 1997 wanasaikolojia wawili wa Ujerumani, Peter Gollwitzer na Veronika Brandstätter, walichapisha jaribio ambalo mimi hulirudia kila nikizungumza na vijana. Wanafunzi waliombwa waandike ripoti fupi kuhusu walivyoutumia mkesha wa Krismasi, na waiandike ndani ya saa 48 baada ya mkesha huo. Wote walikubali. Baadhi yao wakaombwa jambo moja zaidi: waseme tangu mapema wataiandikia wapi na saa ngapi. Katika kundi hilo, karibu robo tatu waliiandika kwa wakati. Katika kundi lililokuwa na nia peke yake, ni karibu theluthi moja. Wote walikuwa na nia, kumbuka. Kilichowatofautisha ni kwamba kundi moja lilikuwa limetaja mahali na saa.

Jaribio la Ujerumani ni zuri, lakini jambo lenyewe nililiona kwa macho yangu hapa hapa, penye lango la godauni moja. Kuna kijana soja wa usiku anayesomea diploma ya ununuzi na ugavi. Kibanda chake kinatosha mtu mmoja na meza. Juu ya meza kuna daftari kubwa la kampuni: nambari ya lori, jina la dereva, saa ya kuingia, nambari ya sili. Chini ya hilo kuna daftari lake mwenyewe, limefunikwa kwa gazeti. Na ukutani, nyuma ya koti la mvua, amebandika kikaratasi alichoandika kwa wino mwekundu: saa nane hadi saa kumi.

Nikamuuliza, "Kijana wangu, mbona saa nane ya usiku?"

"Mwalimu, saa nane malori yameisha. Yale ya kutoka Mombasa yanaanza kuingia saa kumi na moja."

"Na ukishikwa na usingizi?"

"Nasoma nikiwa nimesimama."

Ikitokea honi ikalia, anaacha kusoma, anaandika nambari, anafungua lango, anarudi kwenye ukurasa wake. Na ikifika saa kumi, mwenzake wa lango la nyuma anampigia redio ya mkononi na kumuuliza swali moja: umefika ukurasa wa ngapi? Mwenzake huyo hajui lolote kuhusu ununuzi na ugavi. Anachouliza ni ukurasa tu, na kila usiku anauliza.

Wako wanaosikiliza watakaosema soja hapaswi kusoma kazini. Mimi nimeliona lango lile, na malori yanaandikwa yote. Nililojifunza kwake ni hili: hakuuliza ratiba nzuri ya kusoma ikoje. Aliitazama kazi yake ilivyo, akaona mahali ilipo na nafasi, akajenga hapo. Ratiba nyingi tunazobandika ukutani tunaziandikia mtu mwingine, mtu asiye na zamu, asiye na mtoto, anayeamka alfajiri akiwa mchangamfu. Zinavunjika wiki ya kwanza, nasi tunajilaumu.

Wako kina dada wa viwandani wanaosoma Jumapili baada ya ibada, watatu kwenye bedsita moja, bando moja, simu moja imeegemezwa kwenye sufuria. Wako wanaopanda gari moshi la abiria kutoka Syokimau, lililoanza Novemba 2012, kwa sababu lina saa yake ya kuondoka na ndani unaweza kufungua kitabu, jambo ambalo ndani ya matatu yenye muziki halifikiriki. Kila mmoja amepata upenyo wake, na hakuna unaofanana na wa mwingine.

Sasa niseme jambo kuhusu masomo ya mtandaoni, maana wengi mnajiunga nayo mkidhani yatawaokoa na shida ya saa. Tarehe 3 Agosti 2023 Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilizinduliwa, na makao yake ni Konza, ukifuata barabara hii hii ya Mombasa. Kinafundisha biashara na ujasiriamali, sayansi ya data, usalama wa mitandao, uchumi na takwimu. Ni neema kubwa kwa mtu wa zamu. Lakini nataka uingie ukijua: somo unaloweza kulisikiliza wakati wowote ni rahisi mno kulisukuma hadi kesho, na kesho nayo ina kesho yake.

Zamani haikuwa hivyo: redio iliwahi kuwa darasa hapa Kenya. Mwaka 1967 ilianzishwa idara ya masomo kwa posta huko Kikuyu, chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi, wakati huo kikiwa bado chuo kishiriki. Wanafunzi wake wengi walikuwa walimu wa shule za msingi ambao hawakuwa na sifa kamili. Walikuwa wakitumiwa vitabu na mazoezi kwa posta, na vipindi vya masomo vikirushwa na Sauti ya Kenya. Kipindi kikikupita kimekupita. Ilikuwa taabu, nakubali, lakini taabu ile ilikuwa na faida yake: saa ilikuwa imeamuliwa na mtu mwingine, na mwalimu wa kijijini alijua kwamba saa hiyo wenzake nchi nzima wameinamia redio. Tanzania nao, walipoanzisha Chuo Kikuu Huria kwa sheria ya mwaka 1992, walijenga vituo mikoani, ili mwanafunzi awe na mlango wa kubisha na wenzake wa kukaa nao. Basi wewe unayesoma kwa simu, fanya kana kwamba somo lako linarushwa hewani mara moja tu. Jumanne saa tatu usiku. Lisipokusubiri, utalikimbilia.

Kuna suala la sababu, nalo siwezi kuliruka. Unasoma kwa nini? Ukiniambia ni kwa ajili ya kazi nzuri, sitakudanganya: wako wenye digrii hapa Mlolongo wanaoendesha bodaboda, nawe unawajua kwa majina. Sababu pana namna hiyo ikigongana na habari za ajira inayumba. Mzee Kimani Maruge alipoingia darasa la kwanza kule Kapkenduiywo, Eldoret, Januari 2004, akiwa na miaka 84, hakuwa anatafuta kazi. Alitaka kuisoma Biblia yeye mwenyewe. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilimtoa kwake, akaishi kwenye kambi ya waliofurushwa, na bado akaendelea kwenda shule. Sababu yake ilikuwa ndogo na ilikuwa yake. Yule soja naye hasemi anataka maisha bora. Anakitaka kiti cha ofisi ya kupokea mizigo ndani ya godauni lile lile. Anakijua mpaka rangi, na kila asubuhi anamfungulia lango anayekikalia.

Lakini hata mwenye saa na sababu anaweza kukwama pesa. Bodi ya mikopo, HELB, iliundwa mwaka 1995, na riba yake ni asilimia 4. Programu za mikopo za simu hazikupi riba ya namna hiyo. Wa vyuo vya ufundi pia wanaomba. Kuna kijana anayekopa kwa programu za simu kulipa karo, huku hajawahi kujaza fomu ya HELB kwa sababu aliambiwa ni ya watu wa vyuo vikuu. Na kuna jingine linaloniuma: karo inayotumwa kutoka nyumbani Ijumaa na kuchezewa kamari Jumamosi, ili iongezeke. Ukiwa na pesa ya karo mkononi, ilipe siku hiyo hiyo, nusu yake au robo, upewe risiti. Pesa iliyo chuoni haina kishawishi.

Mwajiri unayenisikiliza, nina ombi kwako. Mfanyakazi akikuletea ratiba ya mitihani, usiitazame kama utoro unaokuja. Mpangie zamu wiki mbili kabla. Kumpa kijana mchana wa Alhamisi hakukugharimu kitu ukilinganisha na gharama ya kumfundisha mgeni.

Na mzazi wangu, acha kumuuliza mtoto, "Utamaliza lini?" Swali hilo halina jibu analoweza kulitimiza wiki hii. Muulize anasoma siku gani, na siku hiyo usimtume sokoni.

Sasa nirudi kwako uliyeondoka kimya. Kuna tofauti kubwa kati ya kuacha na kuahirisha, na tofauti hiyo imeandikwa kwenye karatasi. Chuo kina utaratibu wa kuahirisha masomo: unajaza fomu au unaandika barua, unataja sababu, iwe ni karo, ugonjwa, uzazi au kazi, na nafasi yako inahifadhiwa. Ukipotea bila kuaga, kwenye vitabu vyao unaonekana mtoro, na kanuni za vyuo vingi huweka ukomo wa miaka ya kumaliza kozi. Kwa hiyo kila mwezi unaojificha unaweza kuhesabiwa dhidi yako. Vyuo vya ufundi navyo vimeanza kufundisha kwa moduli, ambapo ukimaliza sehemu unapata cheti chake, unaweza kwenda kufanya kazi, ukarudi kuendelea na sehemu inayofuata. Kwa watu wa mji wetu naona utaratibu huu umekuja umechelewa, lakini ushukuriwe.

Aibu unayoihisi ni nzito, naelewa. Utakaa darasani na waliokuwa nyuma yako. Mhadhiri anaweza kukuuliza mbele ya watu ulikuwa wapi. Karani wa ofisi ya masomo, nikwambie ukweli, hatakuuliza. Watu kama wewe anawahudumia kila muhula. Atataka nambari ya usajili, basi.

Itafute nambari hiyo usiku wa leo. Iko kwenye kitambulisho cha zamani, au kwenye risiti ya kwanza, au kwenye ujumbe wa simu ambao hujaufuta. Jumatatu omba ruhusa ya saa mbili kazini, nenda mwenyewe, usitume mtu, na ukifika kwenye dirisha uliza: hali yangu kwenye rejista ikoje, ni masomo gani niliyofaulu ambayo bado yanahesabika, na fomu ya kurudi natakiwa kuijaza kabla ya tarehe gani? Majibu yaandike hapo hapo dirishani, pamoja na jina la aliyekuhudumia.